Frigo Ikinyamaza

Kwetu Baraka kitu hiki kina majina matatu, na jina analolitumia mtu linaeleza amepitia wapi. Aliyebaki Fizi miaka yote ya vita anasema frigo, kwa Kifaransa cha shuleni na cha dukani. Aliyekimbilia Tanzania akarudi anasema friji. Jokofu ni la redio na la vitabu. Nje ya darasa nimelisikia Baraka kwa mtu mmoja tu, na mtu huyo ni mimi. Nilizaliwa kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma, nikavushwa ziwa nikiwa mtoto, miaka ile UNHCR ilipokuwa ikirudisha watu kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, kazi iliyoanza Oktoba 2005. Kwa hiyo majina yote matatu ni yangu. Hapa nitasema frigo, kwa kuwa ndivyo asemavyo mwenye nayo.

Mwenye nayo ni mama yangu mdogo, na biashara yake iko ndani ya gari. Ni gari-nyumba, aina ile yenye kitanda, sinki, jiko la gesi na frigo iliyojengewa ukutani, ambayo watu wa nchi nyingine huendea matembezi. Hili lilikuwa la shirika fulani lililolaza humo wafanyakazi wake safarini. Injini ilipokufa iliuzwa vipande vipande, magurudumu yakafuata, na sanduku lililobaki likawekwa juu ya matofali kando ya barabara. Watu wanapaita Kwa Gari. Anauza soda, maji, Primus, na mukeke wa kukaanga jioni. Kwa mwanaisimu kijana ni mahali pazuri pa likizo: unakaa juu ya kreti, unanyamaza, na data inakuja yenyewe na kiu yake.

Frigo ya kwanza, ile iliyokuja na gari, haikuwa na kompresa. Ndani ya mabomba yake mlikuwa na amonia, maji na haidrojeni. Mwali mdogo wa gesi huchemsha mchanganyiko wa amonia na maji. Amonia hupanda ikiwa mvuke, hupoa nyuma ya frigo na kuwa kioevu, kisha hukutana na haidrojeni na kugeuka mvuke tena, na katika kugeuka huko hunyonya joto la vyakula. Maji huipokea, na mzunguko huanza upya. Hakuna kinachozunguka kwa injini wala kinachonguruma. Mfumo huo ulibuniwa mwaka 1922 na Baltzar von Platen na Carl Munters wakiwa bado wanafunzi Stockholm, na Electrolux ikauza frigo za aina hiyo kuanzia 1925. (Wanafunzi! Nawakumbusha wenzangu ambao hadi leo wanatafuta mada ya tasnifu.)

Inafaa magari ya safari kwa sababu haichagui chakula: gesi, batri ya volti 12, au umeme wa ukutani. Lakini inadai isimame sawasawa. Ikiinama, amonia hukwama njiani na baridi huisha. Ndiyo maana juu ya frigo ya mama mdogo palikuwa na chupa ya maji iliyolazwa, na kila mvua kubwa ilipolainisha ardhi chini ya matofali aliangalia povu limekimbilia upande gani.

Kilichonivutia ni vitenzi vyake. Hakusema frigo inafanya kazi. Alisema, "Frigo iko inapika." Inapika nini? "Baridi." (Kwa msomaji asiyekijua Kiswahili cha kwetu: *iko* ikitangulia kitenzi huonyesha tendo linaloendelea.) Asubuhi aliinama kwenye tundu la chini kutazama mwali wa buluu jinsi mtu anavyochungulia mafiga, na alipomtuma binti anayemsaidia alimwambia, "Angalia jiko." Jiko hilo lilikuwa frigo. Hapo nilianza kulionea huruma neno jokofu, kwa kuwa atakayelisikia anaweza kusikia joko ndani yake, tanuri la mfinyanzi, iwe ndiyo asili yake au la. Na mashine pekee niliyowahi kuiona ikistahili jina hilo ilikuwa ikiitwa frigo. Wanafunzi wa semantiki watakumbuka kitabu cha Lakoff na Johnson cha 1980 kuhusu sitiari tunazoishi nazo. Mama mdogo hakukisoma, lakini sitiari yake ilikuwa na faida ambayo nyingi za vitabuni hazina: ilikuwa kweli kabisa. Moto ukizimika, baridi inaisha. Yeyote aliyewahi kupika uji aliweza kuitunza frigo ile.

Iliyomshinda ni gesi. Frigo ndogo ya aina hiyo hula kati ya gramu 250 na 400 kwa siku, na mitungi yake ilivuka ziwa kutoka Kigoma. Ziwa likichafuka, soda zilikuwa vuguvugu. Alijaribu upande wa batri. Kwa volti 12 ilivuta ampea 11 mfululizo, kwa sababu huko nako ni kuchemsha tu, moto umebadilishwa na waya wa joto. Batri ya ampea-saa 100, ambayo hutaki kuishusha chini ya nusu, ikaishiwa kwa saa nne na nusu. Kwa siku nzima ingehitaji zaidi ya wati-saa 3,000. Frigo ya nyumbani ya kompresa haichemshi kitu. Inasukuma joto lililo ndani litoke nje, na ikishafika kwenye baridi iliyotakiwa inapumzika. Ile aliyoinunua inatumia kama wati-saa 700 kwa siku katika joto letu. Paneli za wati 400 na batri mbili zinaibeba, hata siku yenye mawingu nusu.

Kuiingiza ilikuwa sinema ya mtaa mzima. Mlango wa gari ulikuwa mwembamba kuliko frigo kwa vidole viwili. Fundi aling'oa mlango wa frigo, kisha fremu ya mlango wa gari, na bado wakaipitisha kwa ubavu kama jeneza, maneno ambayo mama mdogo aliyakataza yasirudiwe. Kabati la nguo lililokuwa kando ya frigo ya zamani lilikatwa. Bomba la gesi liliondolewa hadi mtungini na mdomo wake ukazibwa. Matundu mawili ya hewa ukutani, la chini na la juu, fundi hakuyaziba. Aliyawekea wavu wa kuzuia panya, kwa kuwa hata frigo mpya inahitaji hewa ipande nyuma yake, la sivyo inajipasha joto lake yenyewe.

Kisha akasema tusiiwashe. "Iacheni ipumzike, imechoka na safari." Ilikuwa imelazwa juu ya gari la mizigo, na mafuta ya kompresa huhama frigo ikilala hivyo, inahitaji kusimama saa kadhaa yarudi mahali pake. Kesho yake akaleta inveta ya wati 1,000. Mama mdogo akauliza kwa nini kubwa hivyo, kama frigo yenyewe inatumia wati 80. "Mama, hii ikiamuka, inaamuka na njaa." Nikaandika mara moja. Injini ya kompresa inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya kiwango chake cha kawaida kwa muda mfupi sana, na inveta ndogo hushindwa hapo hapo. Nimesoma maelezo ya jambo hilo katika Kiswahili sanifu. Yana maneno mengi na hayana njaa.

Kuchoka, kupumzika, kulala, kuamka, njaa. Kwa siku mbili frigo ilihama kutoka jikoni ikawa mtu. Nilifurahi kuliko inavyostahili kukiri mbele ya walimu wangu: mara chache mtu huona uwanja mzima wa maana ukibadilishwa mbele ya macho yake, pamoja na risiti.

Lakini frigo ile haikuwa ya soda peke yake. Jirani yetu, mwalimu mstaafu ambaye mtaa mzima tunamwita Mwalimu, anaishi kwa insulini. Chupa anayoitumia inaweza kukaa nje ya baridi kama wiki nne ikiwa haipati joto kali, naye huiweka ndani ya chungu cha udongo chenye unyevu, nyumbani kwake. Chupa za akiba ndizo zilizokaa Kwa Gari, kwani zinataka nyuzi 2 hadi 8. Chini ya hapo ni hatari zaidi kuliko juu: insulini iliyoganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana safi.

Frigo ya zamani ilikuwa kimya siku zote. Ukimya wake haukuwa na maana yoyote. Habari ilikuwa kwenye mwali. Frigo mpya hunguruma, kisha hunyamaza, na ukimya wake una maana mbili: imefika kwenye baridi yake, au umeme umekwisha. Kwa kawaida tunayo *imezimika*, ambayo inabeba taa, simu, moto na injini bila kubagua, na tunayo *imekufa*. Fundi alikuwa ameacha neno la tatu, *imelala*, lakini alimwachia mama mdogo. Binti alikuwa shuleni.

Wiki ya pili binti alibaki peke yake dukani, akasikia ukimya. Akasema moyoni, frigo imekufa. Akachomoa waya ili isiungue. Akafikiria dawa ya Mwalimu, akagusa kila mahali ndani, akaona kwamba baridi kali iliyobaki iko kwenye chumba cha barafu juu, akaihamishia huko na kufunga vizuri. Mama mdogo aliporudi akachomeka tena waya, bila kujua. Asubuhi chupa mbili zilikuwa mawe.

Sina la kumlaumu binti. Kila hatua yake ilikuwa sahihi ndani ya lugha aliyopewa. Mwalimu alizishika chupa, akazitazama kwenye mwanga, akauliza tu nani anakwenda Uvira. Zilipatikana siku ya tatu, kwa pikipiki. Siku hizo tatu mkewe alikuja Kwa Gari kila asubuhi, akasimama mlangoni, hakununua kitu. Hakutukana. Afadhali angetukana.

Mama mdogo akaniambia, "Wewe unasomea maneno. Andika." Hiyo ndiyo kazi ngumu zaidi ya uandishi niliyowahi kupewa, na haikuzidi karatasi moja. *Jokofu* halikuingia hata kwenye rasimu. *Isigande* nililipenda, lakini nilipomuuliza binti ni vitu gani vinaganda, alinijibu, "Damu, yaya. Na uji." Barafu alisema inakuwa: maji yanakuwa barafu. Nikafikiria pia kuweka maandishi ya Kibembe, lugha ya watu wengi wa Fizi (wale wa D54 katika orodha ya Guthrie, si wale wa Kongo-Brazzaville), lakini wateja wazee wanaokizungumza vizuri zaidi hawaifungui frigo, na vijana wanaoifungua wamejifunza kusoma kwa Kiswahili. Karatasi ikatoka hivi:

FRIGO IKINYAMAZA IMELALA. HAIJAKUFA. USICHOMOE WAYA. TAA YA INVETA IKIZIMIKA, ITA MAMA. DAWA YA MWALIMU IKAE KATIKATI, MBALI NA UKUTA WA NYUMA. USIIPANDISHE JUU. IKIKUWA BARAFU IMEHARIBIKA.

Fundi aliongeza kipimajoto cha bei ndogo, akakining'iniza kwenye rafu ya kati, maana namba hazina lahaja.

Mwalimu alifundisha Kiswahili miaka mingi kabla hajastaafu. Alikuja kuisoma karatasi na kalamu nyekundu mfukoni, akakata *ikikuwa*, akaandika juu yake *ikigeuka*, akaenda zake bila kusema neno. Binti anapowasomea wateja bado anasoma *ikikuwa*, na wanamwelewa. Mara ya mwisho nilipopiga simu kipimajoto kilikuwa kwenye 5. Nilimuuliza kama frigo iko macho.

"Iko inalala, yaya," akasema. "Niko naona taa."