Safari ya Polepole, Tanga hata Pangani



Sisi watu wa kwetu hatukuzoea kusafiri pasipo sababu. Mtu akionekana njiani na mzigo wake, jirani humwuliza, "Kwema huko uendako?" maana adhani ya kuwa ni msiba, na kama si msiba, basi ni arusi au mgonjwa. Tumesoma ya kuwa huko Ufaransa mume na mke huweza kushika njia ya pwani kwa gari lao, leo wakilala mji huu, kesho mji ule, wala hawana shughuli ila kutazama bahari na kula na kuzungumza. Tuliposoma habari hiyo tulicheka. Kisha tukahesabu miaka yetu ya ndoa, tukaona imetimia 20, na katika miaka hiyo yote hatukupata kusafiri sisi wawili ila kwa kuzika au kuuguza. Hapo hatukucheka tena.

Basi mwezi wa Juni, masika yalipokwisha na shule zilipofungwa, tuliazima gari dogo la shemeji yetu, tukawaacha watoto kwa bibi yao, tukatoka Muheza asubuhi. Tulikuwa na siku nne, na shauri moja tu: tusikimbie.

Siku ya kwanza tulikaa Tanga. Mji huu wajulikana kwa msemo wake, "Waja leo waondoka leo," na kweli sisi wenyewe tumefika mara nyingi kwa kazi, tukarudi kabla ya jua kutua. Safari hii tulitembea kwa miguu katika mitaa ya Ngamiani, ambayo barabara zake zimepewa hesabu badala ya majina, tukipishana na baiskeli zisizo na idadi. Tukaona majengo ya zamani ya Wadachi, na bandari ambayo mwezi wa Novemba 1914 askari wengi walioletwa kutoka Uhindi walishuka kupigana, wakashindwa kwa muda wa siku chache. Wazee hupenda kusimulia ya kuwa nyuki nao waliingia vitani, wakawauma watu wa pande zote mbili bila upendeleo.

Siku ya pili tulikwenda Amboni, mwendo mfupi upande wa kaskazini, kutazama mapango. Kiongozi alitutangulia na taa yake, popo wakiruka juu ya vichwa vyetu. Mawe yale ni ya chokaa, nayo maji yameyachimba kwa muda usiohesabika kwa maisha ya wanadamu. Watu husema ya kuwa pango moja lafika hata Mombasa. Lakini wapimaji waliokuja mwaka 1994 walikuta ya kuwa lililo refu kupita yote halifikii hata kilomita moja. Mama watoto alisema, "Afadhali hivyo, maana miguu yangu yaniuma." Tukatoka, tukanywa madafu, tukashika njia ya kusini.

Tongoni tulifika alasiri. Hapo pana magofu ya msikiti wa mawe, na makaburi yapatayo 40 ya watu wa zamani, mengine yakiwa na nguzo ndefu. Nguzo nyingi zimeanguka. Katika zilizosalia utaona vishimo vya mviringo, ndimo yalimokuwa mabakuli ya kigeni yaliyotiwa kuwa pambo. Mji huu ulisitawi miaka 600 hivi iliyopita. Vasco da Gama, Mreno, alipita bahari hii mwaka 1498, na jahazi lake moja likapanda fungu karibu na hapa. Aliporudi mwaka 1499 mabaharia wake wengi walikuwa wamekufa, wala hawakutosha kuendesha majahazi yote, basi jahazi lile lile akalichoma moto katika maji haya.

Mbele kidogo, karibu na Kigombe, gurudumu letu lilipasuka. Hatukuwa na kifaa cha kuinulia gari. Wavuvi wawili waliokuwa wakitengeneza nyavu waliinuka wenyewe, wakaliinua gari kwa boriti, wala hawakutaka malipo ila salamu. Hata kazi ilipokwisha jua lilikuwa limekwisha kuinama, na hapo ndipo lilipotupata jambo tulilokuwa tumelinyamazia tangu nyumbani.

Yafaa tulieleze. Katika ukoo wa mama watoto mna neno la kale: Pangani pita, usilale. Nyanya wa bibi yake aliletwa Pangani kutoka bara akiwa msichana, amefungwa pamoja na wengine. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alikuwa amekataza biashara ya watumwa baharini, na mwaka 1876 akakataza misafara yao kutoka bara. Lakini majahazi yaliendelea kuvusha watu kwa siri usiku, wapelekwe Pemba kwenye mashamba ya mikarafuu. Msichana yule alitoroka usiku mmoja, akafuata njia ya vilima, akapokewa na watu wa misheni Magila. Huko alipata jina jipya. Jina alilopewa na mama yake halikutufikia. Kilichotufikia ni lile neno tu, na tangu hapo hakuna mtu wa ukoo wake aliyelala Pangani.

Tulisimamisha gari kando ya minazi. Kurudi Tanga usiku kulikuwa na hatari. Kwenda mbele kulikuwa kuvunja mwiko wa wazee. Tulikaa kimya kitambo. Mwisho mama watoto alisema, "Yeye alikimbia ili sisi tuwe huru. Mtu huru hulala apendapo. Twende."

Tuliingia Pangani jioni, tukapata nyumba ya wageni ya mama mmoja mzee, Mwislamu. "Shikamoo, mama." "Marahaba, wanangu, karibuni." Akatupakulia wali wa nazi na samaki, akaona ya kuwa mgeni wake mmoja hali. Akamwuliza, "Mwanangu, waumwa?" Mama watoto akamweleza yote. Bibi yule alinyamaza, kisha akasema, "Wenu alikimbia. Wetu sisi alibaki. Hata mimi wa kwetu aliletwa kwa kamba, nami sijui alitoka wapi. Kula, mwanangu, hapa ni kwenu." Wote wawili walilia kidogo, kisha wakala. Sisi tulijifanya twatazama taa.

Asubuhi bibi alitupeleka mtoni. Mto Pangani huanza katika maji ya Kilimanjaro na Meru, husafiri kilomita zipatazo 500, na hapa huingia baharini. Akatuonyesha gati la kale na nyumba zilizobomoka zenye milango ya kuchongwa. Katika mji huu Abushiri bin Salim aliinuka mwaka 1888 kupigana na Wadachi, na hapa walimnyonga Desemba 1889. Na ng'ambo, upande wa Kikogwe, ndiko ulikoota mkonge wa kwanza: mwaka 1893 Dr. Hindorf alileta miche kutoka Florida, ikasalimika 62 tu, na kwa hiyo 62 yakaja mashamba yote ya mkoa huu.

Tulivuka kwa kivuko hata Bweni, tukafika Ushongo, tukakaa mchana kutwa mchangani bila kazi. Mbali baharini palionekana fungu la Maziwe. Zamani lilikuwa kisiwa chenye miti, na kasa walitaga huko kwa wingi. Leo miti imekwisha, na mchanga huonekana maji yapwapo tu. Tulilitazama hata maji yakalifunika.

Usiku ule tulirudi kulala kwa bibi yule yule. Hapakuwa na giza njiani wala gurudumu bovu; tulirudi kwa kupenda.

Wasomaji, pengine ninyi nanyi mna mahali ambapo ukoo wenu hupita bila kulala. Hatuwaambii mvunje maneno ya wazee, maana yaliwekwa kwa machozi. Lakini waulizeni wazee wenu habari zake wangali hai, mkaziandike, na majina pia. Sisi tulichelewa jina moja. Mama watoto amekwisha kuyaandika mengine yote katika daftari, na mwishoni ameacha mstari mmoja mtupu.