Kompaila Mpya, Msimbo wa Zamani: Kisugu, 2005

Kosa la kwanza ndilo la kusoma. Yanayofuata mara nyingi yamezaliwa nalo. Hilo nilifundishwa Kisugu, Kampala, na mtu aliyesomea uhandisi Bukavu kabla vita havijamtoa kwao, na miaka ishirini baadaye sijapata kanuni nyingine ya kazi yetu inayoizidi. Skrini ilikuwa inajaa makosa ya kompaila mpaka mistari inakimbia juu isisomeke, na sisi vijana tulianza na kosa la mwisho kwa kuwa ndilo lililobaki mbele ya macho. Yeye aliyaelekeza yote kwenye faili, akalifungua kuanzia juu, akakaa na mstari wa kwanza mpaka akauelewa.

Chumba chetu kilikuwa upande wa Kisugu unaoteremkia Namuwongo, chini ya matangi ya maji ya Muyenga. Mimi nilikuwa nimetoka Bukoba kwa kupitia Mutukula, nikaja kusoma, nikabaki kwa ajili ya kazi. Mtaa ule ulikuwa wa watu wa kila upande: Waganda wenyeji, watu wa kaskazini waliokimbia vita, Wakongo, na ukipanda kidogo kuelekea Kabalagala unakutana na Waeritrea na Waethiopia na mikahawa yao. Nje ya mlango lugha ilikuwa Kiganda, "ssebo" na "nnyabo" kwa kila unayempisha njiani. Ndani ilikuwa Kiswahili, changu cha Tanzania na cha Kivu cha yule mwalimu wangu. Yeye ndiye mkubwa, kwa hiyo nilimwita yaya kama wanavyoita kwao kaka wa kwanza, naye akaniita mdogo wangu.

Ni lazima nieleze matumaini ya miaka ile, kwa sababu bila hayo mtu hawezi kuelewa kwa nini watu wazima walikesha juu ya programu ambayo hakuna aliyewalipa kuitengeneza. Chuo Kikuu cha Uganda Martyrs kule Nkozi, kwenye barabara ya Masaka, kilikuwa kimeanza kuhamishia kompyuta zake kwenye programu huria. Dar es Salaam walikuwa wametoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili, mwishoni mwa mwaka 2004. Diski za Ubuntu zilikuwa zinatumwa bure kwa posta kwa yeyote aliyeziomba, na tulizigawa kwa shule na ofisi. Januari 2006 wenzetu kutoka nchi nyingi za Afrika walikutana Kalangala, kwenye visiwa vya Ssese, katika mkutano wa Africa Source, wakakaa juma zima wakifundishana. Tuliamini, na mimi bado naamini, kwamba programu unayoweza kuufungua msimbo wake ni yako kwa namna ambayo ile ya kununuliwa haiwezi kuwa yako.

Lakini msimbo ulio wazi una sharti lake: uweze kuukompaili, yaani kuugeuza programu ambayo mashine inaweza kuiendesha. Hapo ndipo kazi yetu ilipoanzia.

Maktaba ya taasisi moja nje ya mji ilikuwa inatumia mfumo huria wa Debian 3.0, ile iliyoitwa Woody, ya Julai 2002. Juni 2005 ikatoka Debian 3.1, Sarge. Kwa mtumiaji wa kawaida lilikuwa toleo jipya tu. Kwa sisi lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu kompaila ya kawaida ya Woody ilikuwa GCC 2.95 na ya Sarge ikawa GCC 3.3, na kati ya namba hizo mbili namna kompaila inavyoishughulikia lugha ya C++ ilikuwa imebadilika kuanzia chini. Maktaba ilikuwa na programu yake ndogo ya C++ ya kutoa ripoti za vitabu vilivyoazimwa. Mwandishi wake alikuwa ameshakwenda ng'ambo. Mama mkutubi alitaka kitu kimoja tu: ripoti zitoke mwisho wa mwezi kama kawaida. Programu ile tuliipeleka kwenye mashine yenye Sarge, tukaamuru make, amri ya kujenga programu, ikakataa toka faili la kwanza.

Sababu zenyewe zilikuwa za haki kabisa, na ni vizuri zijulikane. Kiwango cha kimataifa cha C++ kilipitishwa mwaka 1998. Kiliagiza kwamba majina yote ya maktaba sanifu ya lugha (hii si ya vitabu, ni mkusanyo wa msimbo ulio tayari), kama cout, string na vector, yakae ndani ya eneo moja la majina liitwalo std, ili yasigongane na majina ya mwandishi wa programu. GCC 2.95 ilikuwa inalijua neno std lakini inalipuuza: uliandike au usiliandike, ilikubali. Kwa hiyo watu wengi hawakuliandika. Toleo la 3.0 la mwaka 2001 lilikuja na maktaba sanifu iliyoandikwa upya, na ndani yake std ilikuwa std kweli. Msimbo uliokuwa umezoea kusamehewa ukasimama. Juu ya hayo, mafaili ya vichwa ya zamani kama iostream.h yalianza kutolewa onyo, na toleo la 3.3 lilikataa kabisa maandishi yaliyovunjwa mstari katikati ya alama za kunukuu, pamoja na kichwa cha zamani cha varargs.h.

Kulikuwa na njia ya mkato na wengi waliipita. Sarge ilikuwa bado na kifurushi cha g++ 2.95 kwa wanaokihitaji. Mtu angeweza kukisimika kando, akakompaili kwa kompaila ya zamani, akaenda zake. Tulijaribu. Mafaili yalipita moja moja vizuri. Tulipofika kwenye kuunganisha, zikaja sentensi ndefu za "undefined reference", kana kwamba nusu ya programu haipo. Yaya akachukua amri ya nm, inayoorodhesha majina yaliyomo ndani ya mafaili yaliyokompailiwa, akanionyesha. Kompaila ya C++ haiandiki jina la kazi (function) kama ulivyoliandika wewe. Hulisuka pamoja na aina za vitu inavyopokea. Kazi iitwayo foo yenye kupokea namba kamili, GCC 2.95 iliiandika foo__Fi. Kuanzia 3.0 ikawa _Z3fooi. Maktaba za C++ zilizokuja na Sarge karibu zote zilikuwa zimekompailiwa kwa 3.3, kwa hiyo majina yake yalianza na _Z, na programu yetu ya 2.95 ilikuwa inaita majina ambayo hayako popote. Vipande vya enzi mbili haviungani, hata vikitoka kwenye msimbo uleule. Nililitazama jambo hilo kwa macho yangu kwenye skrini ya kijani na nyeusi, majina mawili ya kitu kimoja yakiwa yamepangwa juu na chini, na nikaelewa kwa mara ya kwanza kwamba programu iliyokwisha kukompailiwa inabeba ndani yake alama ya kompaila iliyoizaa.

Basi tukarudi kwenye msimbo. Tulibadilisha iostream.h kuwa iostream, tukaandika std mahali panapostahili, na si kumwaga sentensi moja ya "using namespace std" ndani ya mafaili ya vichwa, kwa maana hiyo inalazimisha kila atakayeyatumia. Yaya alisisitiza kwamba kila badiliko lipite kwenye mashine zote mbili, Woody na Sarge, kwa sababu tawi la maktaba lililoko mbali lisingebadilishwa mwaka ule. Na hapa kulikuwa na jambo la kufurahisha: marekebisho yaliyofuata kiwango yalikubaliwa na kompaila ya zamani pia. Ukiandika std, 2.95 inaipuuza na kuendelea. Ujanja ndio unaofaa upande mmoja tu.

Sehemu ngumu ilikuwa mahali mwandishi alipochukua anwani ya mwanzo wa vector, yaani orodha, kana kwamba ni pointa. Katika 2.95 ilikuwa pointa kweli. Hapo begin() ilimrudishia anwani yenyewe, naye akaiweka kwenye pointa bila kosa. Katika maktaba mpya begin() inarudisha kitu chenye aina yake, na kompaila haikubali kukigeuza pointa. Nilipendekeza tuweke &v[0], anwani ya kitu cha kwanza. Ni suluhisho lililokuwa likizungumzwa sana.

"Na kama orodha iko tupu?" akauliza.

Orodha ikiwa tupu, kitu cha kwanza hakipo, na anwani yake haina maana. Kuna miezi ambayo tawi dogo halikuazimisha kitabu hata kimoja. Tukaandika upya kazi ile ipokee alama za mwanzo na mwisho, kama maktaba sanifu yenyewe inavyofanya, na orodha tupu ikawa jambo la kawaida lisilohitaji uangalizi.

Kioo chetu katika hayo yote kilikuwa Greenstone. Hii ni programu huria ya maktaba za kidijitali iliyoandikwa Chuo Kikuu cha Waikato, New Zealand, na UNESCO ilisaidia kuisambaza kwa diski katika nchi kama zetu. Tulikuwa nayo kwenye diski kabla ya kuwa na intaneti ya kuaminika. Nilikuwa nafungua msimbo wake usiku na kusoma. Juu ya mafaili yake kulikuwa na mistari ya masharti, yenye alama kama GSDL_USE_IOS_H, ikisema: kompaila ikiwa ya namna hii, chukua kichwa cha zamani, ikiwa ya namna ile, chukua kipya. Watu wale walikuwa wamefikiria kwamba msimbo wao ungefika kwenye mashine wasizoziona, kwenye vyumba kama chetu. Hilo lilinigusa wakati ule na bado linanigusa.

Umeme nao ulikuwa na sehemu yake. Mwaka 2005 na 2006 maji ya Ziwa Victoria yalishuka, mabwawa ya Jinja yakazalisha kidogo, na mgao ukawa mkali. Kompaila ingekuwa katikati ya kazi, giza. Umeme ukirudi, make inaendelea pale ilipoachia, kwani inalinganisha saa za mafaili: kama faili la .o ni jipya kuliko chanzo chake, inaliruka. Lakini faili lililokatwa katikati nalo lina saa mpya. Utakuta .o lenye baiti sifuri, make imeridhika nalo, na mwishoni kwenye kuunganisha unaambiwa faili halitambuliki. Mtu asiyejua hutafuta kosa kwenye msimbo siku nzima. Sisi tulijiwekea desturi: umeme ukirudi, kwanza find, tafuta mafaili matupu, futa, ndipo uanze. Desturi hiyo niliiona baadaye imeandikwa kwa kalamu ukutani kwenye ofisi nyingine mtaani, sijui nani aliipeleka.

Ripoti za mama mkutubi zilitoka. Lakini yaya hakuhesabu kazi kuwa imekwisha. Programu ile ilitegemea maktaba nyingine ndogo ya msimbo wa C++, huria, yenye mwangalizi wake Ulaya, na kiraka chetu kiligusa huko pia. Alitaka kirudishwe kwake. Nikaandika barua pepe, nikaambatisha diff, nikaipeleka kwa flashi hadi kwenye mkahawa wa intaneti Kabalagala. Jibu lilikuja na maombi: nitenganishe viraka viwili, kimoja cha std na kingine cha pointa, na nieleze kila kimoja kwa sentensi mbili. Niliona ni usumbufu, kwa dakika chache. Kisha nilipotenganisha, nikaona kwamba nami nimeielewa kazi yangu vizuri zaidi. Kiraka kinachobaki kwenye mashine yako utakirudia kila toleo jipya linapotoka. Kilichopokelewa kwenye chanzo kinakufuata chenyewe, na kinamfuata mtu wa Lima au Hanoi ambaye hutamjua.

Machi 2008 ikatoka GCC 4.3, na likaja wimbi la pili. Safari hii maktaba sanifu ilikuwa imepunguza vichwa vinavyoitana kwa siri, ili kukompaili kuwe kwepesi. Hapo awali ukiita string ulipewa na cstring bila kuomba; sasa ukisahau kuiomba, strlen na memcpy "hazijatangazwa". Programu nyingi duniani zilianguka kwa mstari mmoja uliokosekana, na iostream.h nayo iliondolewa moja kwa moja. Sisi tulikuwa tayari. Vijana wa chumba chetu, ambao sasa walikuwa wengi kuliko viti, walitafuta kosa la kwanza, wakaongeza mstari, wakapitisha kwenye kompaila mbili, wakatuma. Mwaka uliofuata mkongo wa intaneti wa SEACOM ukafika Mombasa, na kupakua msimbo kukaacha kuwa kazi ya usiku.

Chumba kile hakipo tena; mwenye kiwanja alijenga nyumba za kupangisha. Yaya alipata makazi Kanada pamoja na familia yake, na huko anafanya kazi ileile. Tuliandikiana wakati GCC 5 ilipoleta string ya namna mbili mwaka 2015, na tena mwaka 2024, GCC 14 ilipoanza kuhesabu kuwa ni kosa lile ambalo C ya zamani ilikuwa inalivumilia: kuita kazi ambayo hukuitangaza. Programu moja ya afya inayotumiwa na zahanati za upande wetu ilikwama hapo. Nilimtumia mistari ya kwanza ya makosa. Akanijibu kwamba kinachokosekana ni kichwa kimoja, kwamba niache kabisa kutafuta alama ya kuilazimisha kompaila inyamaze, na akauliza kama kiraka nimeshakituma kwa wenyewe. Nilikuwa nimekituma asubuhi ile, na jioni kikapokelewa.