Kiraka Juu ya Mwiba

Dongobesh, Mbulu

Mjukuu, mume mdogo wa bibi,

Salamu zimefika, na ile picha ya unyayo iliyotumwa kwenye simu ya mjomba imefika pia. Bibi yako ameitazama juani, akaitazama kivulini, kisha akaomba ivutwe iwe kubwa. Akaona doa jeusi lisilozidi punje ya ulezi, na ngozi iliyotuna kidogo pembeni. Chini ya picha kuna maneno: mwiba ulivunjikia ndani, wiki ya pili sasa, hauumi tena, yameisha. Hilo "yameisha" ndilo lililomfanya bibi, aliyevua sare ya uuguzi zamani, atafute miwani na kalamu.

Fundi pancha anajua jambo ambalo wengi wenye miguu hawalijui. Baiskeli ikiletwa, huchomoa tyubu, huijaza upepo, huizamisha kwenye beseni mpaka mapovu yaonyeshe tundu, kisha hubandika kiraka. Lakini kabla ya kuirudisha, hupitisha vidole ndani ya tairi, polepole, mzunguko mzima, akiutafuta mwiba wenyewe. Asipoutafuta, mteja atarudi kabla jua halijazama, tena atarudi akisukuma baiskeli na kutukana. Vidonge vya kukausha usaha ni kiraka. Ni wangapi, kutoka Haydom hadi Katesh, wamevimeza siku tano, uvimbe ukanywea, mwezi ukaandama, uvimbe ukarudi palepale? Duka la dawa huuza kiraka. Halipitishi vidole ndani ya tairi.

Miiba ya Hanang inajulikana. Chini ya mlima ule wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, kuelekea Basotu, ipo migunga yenye miiba mirefu myeupe iliyonyooka kama sindano ya kushonea magunia. Ipo yenye miiba mifupi iliyopinda kama kucha za paka. Ipo na ile ya udongo mweusi, yenye vinundu ambamo sisimizi wamefanya makao, na upepo ukipita kwenye matundu yao mti hupiga mluzi. Wabarbaig na Wairaqw hukata matawi ya migunga kuzungushia zizi, na uzio huo hata fisi huufikiria mara mbili. Ubaya ni kwamba tawi likikauka miiba hudondoka. Asubuhi kijana akivuta tawi la mlangoni ng'ombe watoke, mwiba hupenya katambuga ya tairi la gari kana kwamba ni karatasi. Anauchomoa kwa haraka maana ng'ombe wameshaondoka. Nusu inabaki mkononi, nusu nyamani.

Hapo ndipo mwiba unapoachana na chuma. Wapo wazee wanaoishi na kipande cha chuma mwilini miaka na miaka bila kudaiwa chochote. Mwiba ni mti. Mwili hauwezi kuuyeyusha wala haukubali kukaa nao, na juu yake umebeba vijidudu. Mwaka 2007 watafiti wa Israeli walieleza jinsi walivyokuta kwenye miiba ya mimea, ikiwemo ya mtende, bakteria wa kuleta maradhi, wakiwemo jamaa wa wale wanaoozesha nyama ya jeraha. Mwili huanza kwa vita ya wazi: wekundu, joto, pengine mtoki kinenani. Baadaye huuzungushia mwiba ukuta wa kovu, na maumivu hupoa. Kimya hicho huweza kudumu wiki, au miezi. Mwenye mguu husahau.

Usahaulifu huo bibi aliushuhudia wodini. Kijana mchungaji aliletwa goti limevimba, halikunjiki. Walimwona wengi. Mmoja alidhani yabisi, mwingine akawaza kifua kikuu cha viungo, maana nacho hukaa gotini kwa namna hiyohiyo. Picha ya eksirei ilikuwa safi, na isingekuwa vinginevyo, kwa sababu mwiba ni mti na eksirei kwa kawaida haiuoni. Kipimo cha ultrasaundi ndicho chenye nafasi ya kuuona. Aliyeitegua kesi hiyo ni mama yake, aliyesema akiwa anakunja khanga kuondoka kwamba tangu alipoangukia uzio wakati wa kiangazi mtoto hajawahi kuchuchumaa vizuri. Goti lilifunguliwa, kikatoka kibanzi kifupi kuliko ukucha. Hakuna daktari aliyekuwa mjinga pale. Hawakuambiwa tu.

Kwa hiyo neno la kwanza la mjukuu akifika kwa daktari lisiwe "mguu unawasha". Liwe: nilichomwa na mwiba wa mgunga, siku fulani, ulivunjika, sikuona ncha yake. Sentensi hiyo hailipiwi, na huenda ikafanya kazi kubwa kuliko mashine.

Yapo makubwa kuliko goti. Katika nchi kavu za migunga, Sudan hasa, kuna ugonjwa ambao kuvu au bakteria wa udongoni huingia kwa mchomo kama huo, kisha mguu hufura pole kwa pole kwa miaka na kutoboka vijitundu vinavyotoa chembechembe. Mara nyingi hauumi, na ndiyo maana wagonjwa huchelewa. Khartoum walianzisha kituo cha kuushughulikia mwaka 1991, na Shirika la Afya Duniani likauingiza kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2016. Bibi hasemi mjukuu anao. Anaeleza tu kwa nini "hauumi" si cheti cha afya.

Lakini kinachomkosesha bibi usingizi ni pepopunda. Mbegu zake hukaa kwenye udongo na kwenye mavi ya ng'ombe, na huchipua mahali pembamba, penye kina, pasipopata hewa. Anayetaka kuzipandia shamba zuri kuliko tundu la mwiba kwenye unyayo wa mchungaji atahangaika. Kidonda si lazima kitoe usaha. Huenda kikawa kimeshafunga kabisa wakati taya linapoanza kukaza, kwa kawaida kati ya siku 3 na 21 baada ya mchomo, kisha shingo, kisha mgongo unapinda kama upinde. Ndiyo maana bibi hugombana na wanaopaka kinyesi cha ng'ombe kwenye jeraha, hata wakiwa wazee wenzake.

Na hapa wanaume wana deni lao. Mtoto huchanjwa akiwa na wiki 6, 10 na 14, na kinga ile hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Dada zako walichomwa tena sindano ya pepopunda kliniki walipokuwa wajawazito. Mwanamume hana mimba ya kumpeleka kliniki, basi hukua, huoa, huchunga na kuzeeka na chanjo ya utotoni peke yake. Tarehe 3 Desemba 2023, Mlima Hanang ulipoporomosha tope, mawe na magogo hadi Katesh na Gendabi na kuua zaidi ya watu 80, kila aliyenusurika na jeraha alistahili kuulizwa habari za chanjo hiyo. Mjukuu aulizwe pia. Kama hakumbuki sindano yoyote ya pepopunda katika miaka mitano iliyopita, aseme hakumbuki, asione haya.

Si kila mwiba ni wa hospitali, la sivyo wachungaji wote wa Basotu wangehamia wodini. Ulioingia juu juu, kichwa kinaonekana, hutolewa nyumbani: mikono na ngozi vioshwe kwa sabuni, kibano kichemshwe, mtu akae penye mwanga. Watu husema mwiba hutokea ulipoingilia, na kwa anayeutoa hilo ni agizo la kazi. Kama uliingia kwa kulala, uvutwe kwa kulala. Ukivutwa wima hukatika. Kubinya huuvunja au huusukuma ndani zaidi. Kuuloweka usiku kucha hulainisha mti ukachanguka vipande. Kuchokonoa kwa wembe, hilo bibi hataki hata kulisikia. Ukishatoka, uangaliwe ncha. Mwiba usio na ncha haujatoka.

Wakufunzi wa zamani wa uuguzi walipenda kusimulia habari za Albert Alexander, polisi wa Uingereza, wa kwanza kutibiwa kwa penisilini ugonjwa ukiwa umemzidi, Februari 1941. Walisema alikwaruzwa na mwiba wa waridi, dawa ikamwinua, ikaisha kabla hajapona, akafa mwezi uliofuata. Siku hizi inaelezwa kwamba jeraha lake lilitokana na bomu, wala hapakuwa na waridi. Bibi alisikitika kidogo kuupoteza mwiba ule, maana uliwanyamazisha wanafunzi. Ila kipande kilichobaki ni cha kweli: dawa ikikoma mapema, ugonjwa hurudi.

Mwiba wa mjukuu umo ndani, umevunjika, na upo unyayoni, mahali ambapo uzito wote wa mwili unaupigilia kila hatua. Siyo wa kibano cha nyumbani. Katesh kuna Hospitali ya Tumaini. Haydom kuna hospitali ya Walutheri, inayopokea wagonjwa tangu mwaka 1955. Chagua ile ambayo gari lake linapita mapema. Ng'ombe atawatazama mdogo wako siku hiyo, mjomba ameshazungumza naye.

Kile kipande ulichochomoa, kama bado kipo, kitie ndani ya kiberiti kitupu uende nacho. Kata na mwiba mwingine mzima kwenye tawi lilelile, utie humo humo. Daktari ataiweka miwili sambamba na kujua ni urefu gani anaoutafuta.

Ni mimi, bibi yako.