Mtu Mfupi Mnampa Mpira Wapi?

Leo naomba tuweke pembeni kidogo mpira wetu wa miguu, tuongelee ule wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega ya bandia. Najua wengi wenu mkiukuta kwenye TV mnabadilisha chaneli haraka, na siwalaumu. Ukiutazama mara ya kwanza unaona kama watu 22 wanagombania gunia la mchele. Ila mimi naishi Houston, Texas, mwaka wa kumi na tatu sasa, na huku Ijumaa usiku, msimu ukianza, mtaa mzima unahamia kwenye viwanja vya shule za sekondari. Huwezi kuukwepa. Na kuna jambo moja ndani ya mchezo huu linanigusa kwa sababu limeingia hadi kwenye ukoo wangu: mtu mfupi mwenye mbio, anatumiwaje?

Msimamo wangu nausema mapema. Mtu mfupi mwenye kasi ukimpa mpira katikati ya msongamano, unamuumiza bure. Huyo huyo ukimrushia mpira pembeni, kwenye uwanja wazi, majitu ndiyo yanapata tabu. Lakini kuna bei yake, na bei hiyo anailipa mwenyewe, tena kwa kazi ambayo watazamaji wengi hata hawaioni.

Kwa wasioujua mchezo, ni hivi. Kila upande una watu 11. Timu yenye mpira inapewa majaribio manne kusogea yadi 10. Ikifanikiwa inapewa mengine manne. Anayeongoza anaitwa kwotabeki, yeye ndiye anayerusha mpira. Nyuma yake au ubavuni mwake anasimama raningibeki, ambaye kazi yake ya asili ni kukabidhiwa mpira mkononi na kupenya nao. Mbele yao kuna ukuta wa watu watano wenye miili kama ya mafriji. Upande wa pili, nyuma ya ukuta wa wapinzani, wanasubiri malainibeka. Kwenye ligi kuu ya NFL hao ni watu wa kilo 105 hivi, wana hasira na wanakimbia.

Sasa chukua mtu wa futi 5 na inchi 6, mwambie apite katikati ya hao wote. Mara moja moja atateleza kama kambale. Mara nyingi atafunikwa.

Lakini uwanja wenyewe una upana wa yadi 53 na kitu. Msongamano uko katikati tu. Huku pembeni ni kweupe. Kuna makocha walioliona hilo zamani sana. Mwaka 1985 timu ya San Diego Chargers ilikuwa na jamaa anaitwa Lionel James, futi 5 na inchi 6, kilo chini ya 80. Alichaguliwa raundi ya tano mwaka mmoja kabla, yaani timu nyingi zilimpita tu kama daladala iliyojaa. Kocha wake, Don Coryell, alikuwa mtu wa kupenda pasi. Msimu ule James alidaka pasi 86 na kupata yadi 1,027 kwa kudaka peke yake. Kwa mtu wa nafasi yake hiyo ilikuwa rekodi, na ilikaa hadi 1999.

Miaka ishirini baadaye timu hiyo hiyo ikamchukua mwingine wa urefu ule ule, Darren Sproles, raundi ya nne, mwaka 2005. Alipohamia New Orleans Saints mwaka 2011, wakaacha kumlazimisha katikati. Akadaka pasi 86, idadi ile ile ya James. Ukijumlisha kukimbia, kudaka na kurudisha mipira iliyopigwa, alipata yadi 2,696, rekodi ya ligi kwa msimu mmoja. Na aliyekuwa anamrushia, Drew Brees, naye kwa makwotabeki anahesabika mfupi, futi 6 tu. Wafupi wawili wakawatesa watu wazima msimu mzima.

Wanafanyaje? Nimekaa na mpwa wangu mbele ya video mpaka nikaelewa, na nitawaeleza kama alivyonieleza yeye.

Ya kwanza ni swali la nani anamfuata. Raningibeki akitoka pale nyuma akaenda pembeni kama mdakaji, wapinzani lazima waamue. Wakimtuma lainibeka amfuate, hayo ni mashindano ya swala na nyati. Wakimtuma beki mwepesi, wamepunguza mtu mahali pengine. Na kabla mpira haujaanza, kule kumfuata tu kunamwonyesha kwotabeki kama wapinzani wanakaba mtu kwa mtu au wanalinda maeneo.

Ya pili wanaiita skrini. Ukuta unajifanya umeshindwa, unawaacha wapinzani wapite mbio kumfuata kwotabeki. Yule mfupi amejificha nyuma ya mafriji, hakuna anayemwona. Kwotabeki anaurusha mpira juu ya vichwa vya wanaomjia, mfupi anadaka, na mbele yake sasa kuna majitu mawili matatu ya timu yake yanamfungulia njia. Hapo ufupi wenyewe ndio silaha. Wakija kumwona, ameshapata yadi nane.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi. Anakimbia moja kwa moja kumfuata lainibeka, akifika karibu anamtazama uzito wake umeegemea wapi. Akiegemea ndani, anakata nje. Akiegemea nje, anakata ndani. Haijapangwa kabla, wanaamua palepale, na kwotabeki lazima asome kitu kile kile kwa wakati ule ule. Mkisoma tofauti, mpira unaenda kwa adui.

Haya, sasa nije kwetu.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, ana miaka 17. Futi 5 na inchi 5, kilo 64 akiwa ameshiba. Alikuja huku ana miaka tisa kutoka Tanga, na kule uani alikuwa anacheza rede na wasichana mpaka jua linazama. Wanaojua rede wanaelewa: unasimama katikati, wawili wanakurushia mpira, kazi yako ni kukwepa. Mimi naamini miguu yake ilifundishwa pale.

Alipoingia timu ya shule, kocha mkuu aliona mbio zake akampanga raningibeki. Vizuri. Lakini kila akimwingiza, anampa mpira katikati. Yadi moja. Yadi mbili. Kudondoshwa. Baada ya hapo anatolewa, anaingia mwenzake wa kilo 90. Msimu mzima ukaisha hivyo, na hukumu ikatoka: mtoto ni mdogo sana. Dada yangu alifurahi kimoyomoyo. Aliniambia waziwazi, "Mdogo wangu, mimi huyu mtoto sikumvusha bahari aje kuvunjwa shingo na watoto wa watu."

Na dada hana ushamba kwenye hofu yake. Anafanya kazi ya kuhudumia wagonjwa usiku, anajua maana ya kichwa kugongwa. Madaktari wameshakuta ugonjwa wa ubongo uitwao CTE kwa wachezaji wengi wa zamani wa mchezo huu, baada ya kufa kwao. Hayo si maneno ya vijiweni.

Msimu uliofuata akaja kocha msaidizi mpya, mtu mzima mwenye kitambi na kofia isiyotoka kichwani. Akamuuliza dogo swali moja: unaweza kudaka? Dogo akadaka mipira ishirini mfululizo. Yule mzee akasema sawa, nitakutafutia nafasi, ila kwanza unionyeshe kwamba unaweza kumzuia mtu.

Hapa ndipo wengi hatupajui. Wapinzani wakati mwingine wanatuma watu wa ziada kumvamia kwotabeki. Akivamiwa, wa mwisho wa kumkinga ni raningibeki. Kama hawezi, kocha hatamwingiza wakati wa pasi hata awe na mbio za upepo, maana kwotabeki atauawa. Ndiyo sababu vijana wengi wafupi wenye vipaji wanakaa benchi hadi wanamaliza shule. Kudaka wanajua. Tatizo ni kwamba hawaaminiki kubaki nyuma na kukinga.

Basi likizo nzima ya kiangazi ikawa ni hiyo. Mimi nina kilo 98, nikapewa lile godoro la mazoezi nilishike, nimjie dogo uani kwa dada. Alichofundishwa ni kwamba mtu wa chini ndiye anayeshinda. Piga magoti kidogo, ingia chini ya mabega ya mtu, mikono iwe ndani, kichwa juu, usiinamishe kichwa hata siku moja. Wiki ya kwanza nilikuwa namtembeza kama kiti cha plastiki. Kufika Agosti nilikuwa nasimamishwa. Dada alikuwa anatutazama dirishani, haongei, akaleta maji ya ndimu, akarudi ndani.

Mwezi wa kumi nilikuwepo uwanjani. Jaribio la tatu, yadi nane zinatakiwa. Lainibeka wao mmoja, jitu lenye ndevu utafikiri ana watoto wawili, akaja mbio moja kwa moja. Dogo akaingia chini yake. Hakumwangusha, alimchelewesha tu, sekunde mbili hivi. Kwotabeki akapata muda, akarusha mbali kwa mtu mwingine, wakafunga. Uwanja mzima ukamshangilia yule aliyedaka. Dogo hakutajwa hata kwenye spika. Yule mzee wa kitambi peke yake ndiye aliyemfuata akampiga kofi la begani.

Sasa sikilizeni hii. Robo ya mwisho, mpangilio ule ule, jitu lile lile likaja. Likamwona dogo anachuchumaa kama mara ya kwanza, likajiandaa kugongana. Dogo akamgusa kidogo, akateleza pembeni, mpira ukampitia jamaa juu ya kichwa. Skrini. Yadi thelathini na kitu. Bila ule mkingo wa kwanza ambao hakuna aliyeushangilia, jamaa asingedanganyika. Mdharau mwiba mguu huota tende. Dada alikuwa kaketi ubavuni kwangu, kafumba macho, ananiuliza, "Kaamka? Kaamka?" Nikamwambia dada, hajaanguka bado, anakimbia.

Na makocha wazuri wanajua jambo lingine: mfupi akiingia kwa ajili ya pasi tu, wapinzani wanashtuka kila wakimwona. Kwa hiyo mara moja moja lazima apewe mpira mkononi pia, hata kwa yadi tatu, ili wasijue. Mzee alifanya hivyo. Katika mojawapo ya hizo yadi tatu, wiki mbili baadaye, dogo alivunjika kifundo cha mkono.

Siwezi kuficha hilo ili hadithi ipendeze. Hata Sproles mwenyewe, mwaka 2017 akiwa na Philadelphia Eagles, alivunjika mkono na kuchanika mshipa wa goti katika tukio moja, na timu yake ikaja kuchukua ubingwa yeye akiwa nje. Tarik Cohen, futi 5 na inchi 6, alidaka pasi 71 kwa Chicago Bears mwaka 2018, na miaka miwili baadaye goti likamtoa. Wakubwa nao wanavunjika, ni kweli, ila mwili wa mama haufanyi hesabu hiyo.

Mkono wa dogo umepona. Msimu wake wa mwisho unaanza Agosti. Kuna kocha wa chuo kidogo ameandika barua pepe, hajaahidi kitu, anataka kuona video mpya. Dogo ananikumbusha kila siku kwamba Danny Woodhead, futi 5 na inchi 8, alitoka chuo kidogo cha Chadron State, hakuchaguliwa na timu yoyote, na mwaka 2015 akadaka pasi 80 kwenye ligi kuu. Mimi namkumbusha kwamba kwa Woodhead mmoja kuna maelfu waliorudi nyumbani, na kwamba shahada ndiyo itakayomlisha.

Dada hajasema ndiyo wala hapana. Wiki iliyopita alivaa kitenge chake kizuri, akaenda mwenyewe shuleni kuonana na makocha wote wawili. Hakuuliza habari za ubingwa. Aliuliza: mwanangu mnampa mpira wapi, mara ngapi katikati, mara ngapi pembeni, na nani anamtazama akigongwa kichwa? Kocha mkuu alizunguka zunguka. Yule mzee alichukua karatasi akamchorea. Dada amerudi na karatasi ile, ameibandika kwenye friji kwa sumaku, na kila akitoka kazini alfajiri anasimama pale anaitazama huku chai inachemka.

Fomu ya ruhusa bado iko mezani, haijasainiwa. Wazazi mlioko huku ambao watoto wenu wanacheza, nyie mliamuaje? Nitamsomea dada majibu yenu.