Meza Isiyo na Mlaji: Vitu na Maana katika Uchoraji wa Kiholanzi

Katika uhakiki wa michoro ya vitu tuli ya Uholanzi ya karne ya 17 umezuka mvutano ambao si mgeni kwa mwanafunzi wa fasihi. E. de Jongh na wafuasi wake huichukulia michoro hiyo kuwa fumbo: fuvu ni mauti, saa ni umri unaoyoyoma, limau lililomenywa nusu ni uzuri unaoficha ukali. Svetlana Alpers, katika kitabu chake cha 1983, alishikilia kuwa wachoraji hao walikusudia kuusawiri ulimwengu kama unavyoonekana.

Na utazamwe mchoro wa Pieter Claesz wa Haarlem, wa 1627, uliohifadhiwa katika jumba la Rijksmuseum, Amsterdam. Juu ya kitambaa cheupe pana pai iliyopambwa kwa bata mzinga, kikombe cha kombe la baharini, mikate, limau, na zeituni katika bakuli la kaure la Kichina. Pilipili manga imetiwa katika karatasi ya kitabu cha kalenda, iliyosokotwa kama ile ya mchuuzi wa njugu. Karatasi hiyo ndiyo moyo wa picha. Mpenda mafumbo ataona humo siku zilizopita, na huenda asikosee. Lakini kwanza ni karatasi tu, ambayo yamkini mtu wa nyumbani aliona hasara kuitupa.

Mtu huyo haonekani. Hakuna mkono uliopika wala utakaoosha sahani, na suala hili pande zote mbili zimelipita upesi mno. Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki, iliyoundwa 1602, ndiyo iliyojaza meza hizo viungo na kaure. Mwaka 1621, kwa ajili ya kungumanga, iliwaua au kuwafukuza wakazi wengi wa visiwa vya Banda. Mchoro umenyamaza. Mtunzi wa Al-Inkishafi, ambaye naye alivikumbuka vyombo vya kaure katika majumba ya Pate, angalau aliuliza waliovitumia wamekwenda wapi.

Isidhaniwe kuwa Claesz hakujua kumwonyesha mtu. Katika mchoro wake mwingine, ulioko Nuremberg, mchoraji anaonekana akiwa kazini, umbo dogo ndani ya tufe la kioo. Mpishi hana nafasi kama hiyo katika mchoro wowote kati ya hii miwili.