Kiswahili cha Nakasero

Nakasero ni kilima chenye sura mbili. Chini kuna soko: matoke, maembe, nguo na makelele. Juu kuna hoteli, balozi na nyumba ya Rais. Wazee wengi hawapendi kuzungumzia kule juu, kwa kuwa ndiko yalikokuwa makao ya State Research Bureau, polisi wa siri wa Idi Amin.

Kwa jaja (ndivyo tunavyomwita bibi huku kwetu), Kiswahili kilikuwa lugha ya askari wa kilimani. "Toka! Lala chini! Shika huyo!" Akiisikia, alifunika matoke yake na kuondoka sokoni. Nilipomwambia kwamba nasoma Kiswahili chuoni, aliniuliza kama nataka kuingia jeshini. Hakuwa akitania.

Tarehe 11 Aprili 1979 jeshi la Tanzania, pamoja na wapiganaji wa Uganda, liliingia Kampala. Siku chache baadaye Mtanzania mwenye bunduki alisimama mbele ya jaja akasema, "Shikamoo, mama." Jaja alisikia "shika" tu, akainua mikono juu. Yule kijana alitaka kununua ndizi. Alilipa, akangoja chenji.

Leo sokoni wapo wanaowahesabia wageni wa Kenya na Kongo bei kwa Kiswahili, kisha hurudi kwenye Kiganda kusengenya. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Jaja aliisikia habari hiyo redioni, akanyamaza.

Mimi humwamkia shikamoo kila asubuhi. Siku nyingine huitikia marahaba. Siku nyingine huniambia niseme Kiganda.