Mpira wa nyuma kushoto

Wengi mmetuuliza kwa nini gari la chama halikwenda Katana siku mbili za soko. Tuliwajibu kwamba lilikuwa garaji. Hiyo ni kweli, lakini si yote. Leo tunawaeleza yote, hata pale ambapo haya inatushika.

Gari letu mnalijua: gari kuukuu la Kijapani, usukani kuume, tulilolinunua kwa feza ya likelemba tukiwa wamama kumi na wawili. Linabeba kabichi, maharage na mihogo kutoka Katana na Miti mpaka soko la Kadutu. Usiku, mama akishikwa na uchungu, linampeleka hospitali.

Mwezi wa kwanza tulinunua mpira wa okazioni, tukauweka nyuma upande wa kushoto. Mwezi wa tano ulikuwa umekwisha. Tukanunua mwingine. Mwezi wa nane shofere akarudi tena, kichwa chini: «Wamama, ule mpira umelika tena.» Mipira mingine mitatu ilikuwa bado mizuri.

Hapo tukaanza kuangaliana. Barabara ni moja, mzigo ni mmoja, kwa nini mpira mmoja tu ndio ufe? Mmoja wetu akasema shofere anauza mpira mzuri na kuweka mbovu. Mwingine akasema usiku anabebea watu mizigo kwa siri. Tukafanya mkutano bila yeye kuwapo, tukaanza kutafuta mtu mwingine wa kumpa funguo. Kijana huyu ni mtoto wa jirani yetu, tunamjua tangu akibebwa mgongoni. Lakini feza ikitoka ovyo, moyo unageuka haraka.

Siku ya posho iliyofuata, mtoto wa mwenzetu aliingia chini ya gari kufukuza kifaranga. Akatoka akisema: «Mama, ule mpira uko na nywele za chuma!»

Tukapiga magoti, tukatazama. Ukiwa umesimama, mpira ulionekana mzima, michoro yake ya upande wa nje ilikuwa bado na kina. Lakini upande wa ndani, ule unaotazama chini ya gari, ulikuwa laini kama kiazi kilichomenywa, na nyuzi za chuma zilikuwa nje. Saa ile ile wamama watano na watoto wawili walikuwa wamejitayarisha kwenda kwenye kilio Kavumu. Mpira uliofika hapo unaweza kupasuka wakati wowote. Tuliwashusha wote, na hatukulala vizuri usiku ule.

Tulimwita fundi mmoja mzee. Tulianza kumweleza mambo ya shofere, akatukata: «Wamama, mpira ni kama soli ya kiatu. Mtu akikanyaga upande, soli inalika upande. Mkimnunulia kiatu kipya bila kutibu mguu, nacho kitalika.»

Akatufundisha kwanza kupitisha kiganja juu ya mpira, kutoka ndani kwenda nje, kisha kurudi. Kwenda, mkono uliteleza vizuri. Kurudi, ulikwaruzwa na meno madogo kama ya msumeno. Akasema hiyo ni alama ya mpira unaoburutwa kwa upande badala ya kubingirika tu.

Akainua gari kwa kriki, akaliwekea magogo ya kulishika. Akalitikisa gurudumu kwa mikono miwili: halikulegea, rulema ilikuwa nzima. Kisha akachukua mtaimbo, akasukuma mkono wa chuma unaoshika gurudumu. Tukaona wenyewe. Silambloki, ile raba iliyo kati ya mkono wa chuma na mwili wa gari, ilikuwa imepasuka, na mkono ulicheza huku na huku.

Mwisho akashusha gari, akavuta kamba nyembamba pembeni mwa magurudumu. Upande wa kuume, gurudumu la nyuma lilikaa sawa na kamba. La kushoto lilikuwa limegeuza uso wake nje, kwa unene wa njiti mbili za kiberiti tu. Kidogo hivyo! Lakini njia nzima ya kwenda na kurudi Katana, mpira ulikuwa ukisuguliwa upande wake wa ndani.

Nani basi aliua ile raba? Umri wake, mashimo ya barabara, na sisi wenyewe. Mwezi wa tano shofere alituambia kwamba nyuma kunagonga akipita kwenye shimo. Tulimjibu: «Weka mpira, gari liende.» Na kila siku ya soko ni sisi tuliosema: «Ongeza gunia moja tu la kabichi.» Fundi alitueleza kwamba gari kama letu likilemewa, linakaa chini nyuma, magurudumu yanapanua miguu, na uzito unaangukia ukingo wa ndani.

Alibadilisha raba pande zote mbili, kwa sababu ya kuume ilikuwa na umri ule ule. Baadaye ndipo alipopanga magurudumu, na mwisho akaweka mpira. Alisema ukipanga kabla ya kubadilisha raba, shimo la kwanza litapotosha tena. Mipira miwili iliyokufa ilitula dola 70. Raba na kazi yake vilikuwa dola 45.

Ninyi mlio na gari, teksi au shofere, shikeni haya tuliyojifunza. Mpira ukilika kingo zote mbili, mara nyingi upepo ni mdogo. Ukilika katikati, upepo ni mwingi. Ukilika ukingo mmoja tu, gurudumu limepotoka. Tazameni raba na mikono ya chuma. Ukiwa na mabonde mabonde kuzunguka, amortisa imechoka, au gurudumu halina usawa. Pimeni upepo asubuhi kabla gari halijatembea, kwa sababu mpira wa moto unadanganya. Kipimo chake mara nyingi kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na mlango wa shofere. Na fundi akisema amepanga magurudumu, muulizeni kama amepima na ya nyuma, maana wengi wanaishia mbele.

Mkinunua mpira wa okazioni, tafuteni ubavuni tarakimu nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na DOT. 1415 maana yake ni juma la 14 la mwaka 2015. Mpira mzee unapasuka hata kama michoro yake ni mirefu.

Kijana wetu tulimwita mbele ya chama chote. Mama mkubwa wetu alisema kwa sauti maneno tuliyokuwa tumeyasema kwa siri, akamwomba radhi kwa jina la sisi sote. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza tu kama anaweza kwenda Katana siku ya soko inayofuata. Siku mbili alizokaa bila kazi tulimlipa.

Tangu hapo, kila siku ya posho mama mmoja kwa zamu anazunguka gari pamoja naye, anapitisha mkono ndani ya mipira yote minne. Na kila anachotuambia shofere juu ya gari kinaandikwa kwenye daftari siku ile ile, hata kama kasha ni tupu. Magunia ya kabichi sasa ni sita, si tisa.